Siku Ayuma Alipoandaliwa

Ayuma alianza kupika akiwa bado anavaa magauni ya kurithi kwa dada yake, na katika miaka yote hiyo hakumbuki mtu aliyewahi kumwekea sahani mbele. Alizaliwa Malinya, akaolewa na Philemon, karani wa serikali mjini Kakamega, na jiko la makaa likawa mwenzake wa kutwa. Hakulalamika. Mkono wake ulisifiwa mtaa mzima. Lakini ipo njaa isiyokatwa na chakula ulichopika mwenyewe, na hiyo ndiyo iliyomkaa rohoni.

Jumamosi jioni majirani wawili walikuwa wakimjia uani, kila mmoja na kazi yake mkononi: Sumayya, mzaliwa wa Matungu, akichagua mchele, Kemunto, muuguzi kutoka Kisii, akichambua mboga ya mrenda. Mazungumzo yao hayakwenda mbali na sufuria.

"Hilo jiko lako la gesi lenye ovini, umeshaoka nini?" Sumayya alimwuliza Kemunto.

"Kuoka? Mimi huwekanga sahani humo ndani. Gesi ikiisha narudi kwa stovu ya mafuta."

Wakacheka. Sumayya akawaeleza habari za jiko la shangazi yake huko Mumias, la matofali, lenye midomo minne na bomba la moshi lililotokeza juu ya paa. Pilau mdomo huu, mchuzi mdomo ule, na maji ya chai hayakosi kuchemka.

"Lakini la hoteli ya kwa Makhanu linalishinda," alisema. "Nilikula pale na mume wangu, Baba Anwar. Ukikaa meza ya nyuma unaliona lote."

Ayuma alichochea makaa. Kwa Makhanu ndiko Philemon alikokula mchana kila siku ya kazi. Jioni alirudi na sifa tele: leo ingokho ya Makhanu, kuku wa kienyeji, ilipikwa ikapikika. Aliyasema hayo huku akimega ugali wa mkewe, naye Ayuma akimsogezea firigisi, kwa kuwa firigisi ni ya mwenye nyumba; mwanamke huipika, haili. Mama yake Ayuma alifariki bila kuionja. Alikula maisha yake yote amechuchumaa kando ya mafiga, akiangalia nani hajatosheka.

"Kwani wewe, Mama Barnaba, hujawahi kula hoteli?" Kemunto alimwuliza, akimwita kwa jina la kifungua mimba wake.

"Nitaenda na nani? Na huku atapika nani?"

Alilisema kama mzaha, lakini usiku ule aligeuka kitandani kama chapati kwenye kikaango.

Mwezi uliofuata Philemon alikwenda matangani Mautuma, na watoto walikuwa shuleni. Ayuma alivaa gauni lake la kanisani, akachukua akiba yake ya kuuza mboga, akateremka mjini. Alipita mbele ya hoteli kama mtu aendaye kwingine, akarudi, akaingia.

"Karibu, mama," alisema mhudumu, mwanamume wa makamo aitwaye Chrispinus, aliyekuwa akimwona kanisani na Philemon. "Unangoja mzee?"

"Hapana. Niko peke yangu. Nataka ingokho na obusuma," alisema, akiuita ugali kwa lugha ya kwao.

Akakaa meza ya nyuma. Mikono yake haikujua la kufanya. Aliiweka mezani, akaishusha mapajani. Chrispinus akaja na beseni na jagi, akammiminia maji ya vuguvugu. Tangu siku ya arusi yake hakuna aliyemnawisha Ayuma. Alinawa polepole, maji yasiishe upesi.

Jiko alikuwa analiona: refu, jeusi, kuni zinanguruma chini ya bamba la chuma. Mbele yake alisimama Makhanu mwenyewe. Ayuma siku zote alidhani ni mwanamume. Kumbe ni mwanamke wa rika lake, anajifuta jasho kwa pembe ya leso. Sufuria moja ilipoanza kufurika, Ayuma alijikuta ameinuka kwenda kuifunua. Makhanu akamwona, akamwashiria kwa mwiko: kaa.

Akakaa.

Sahani ilipokuja, chini ya bawa palikuwa na firigisi.

"Hii si ya wazee?" alimwuliza Chrispinus kwa sauti ya chini.

"Ni ya mwenye sahani, mama."

Aliitafuna. Nyama ngumu kidogo, tamu kiasi, basi. Macho yake yalikwenda kwenye kile kiti kitupu mbele yake. Alitamani mama yake angekuwa amekikalia, amenyoosha miguu, anangoja chake kiletwe.

Jumatatu jioni Philemon alirudi kutoka kazini ameshasikia.

"Chrispinus ananiambia ulikula kule."

"Nilikula."

"Mbona hukuniambia nikupeleke?"

"Ungenipeleka?"

Philemon alifikiri kweli. "Nitakupeleka," alisema mwishowe. "Tutakaa wote wawili."

Pengine angempeleka. Lakini kabla ya Krismasi serikali ilipunguza wafanyakazi, naye akawa mmoja wa waliorudishwa nyumbani. Walihamia Malinya, ambako Philemon naye ni mzaliwa, kwenye shamba la babake. Sasa Philemon anakula mara zote kwa mkono wa mkewe, na jina la Makhanu halitaji tena. Akimaliza husema, "Asante, mama," jambo ambalo zamani hakulisema. Ayuma hulipokea, lakini hilo silo alilolikosa.

Siku za kupeleka mboga sokoni Kakamega, hupitia njia ya hoteli ingawa ni ya kuzunguka. Husikia vijiko vikigongana, mtu akiitisha chai, kitunguu kikilia mafutani. Siku moja alimkuta Makhanu mlangoni akimwaga maji machafu.

"Mbona hurudi?" Makhanu alimwuliza.

"Nitarudi."

"Uje kabla ya saa saba, kabla hawajajaa."

Ayuma alishika njia ya Malinya na kapu tupu kichwani. Mwendo wote alikuwa akijishauri, ataagiza samaki au nyama ya kukaanga.