Mama Mkwe Anataka Nimalize Sahani Mbele ya Ukoo

Mwenye ukurasa, nifiche vizuri tafadhali. Hapa Meru mjini ukikohoa Kinoru, watu wa Makutano wanakuuliza kama umepona.

Nina miaka thelathini na saba, ni mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto wawili. Nilikuwa mnene, na sisemi ule unene wa kupendeza. Magoti yalikuwa yamegoma, sukari juu, presha juu, na wanafunzi walinipa jina ambalo siwezi kuliandika hapa. Likizo ya Aprili nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo huko Nairobi. Daktari alikata sehemu kubwa ya tumbo langu la chakula akaniachia kipande chembamba. Vijiko vichache tu, nimejaa. Nywele zinang'oka na nguo zote zimenikataa, lakini sukari imeshuka, na ngazi za shule nazipanda nikiongea. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Shida ni kwamba kwa watu wa mume wangu hakuna anayejua. Yeye ni wa Mbeere, upande wa Ishiara. Dada yake mkubwa alifariki akifanyiwa upasuaji, na tangu siku hiyo mama yao hataki kusikia habari ya mtu kupasuliwa. Mume wangu aliniambia, "Mum akijua nilikuruhusu ukatwe na hukuwa unakufa, hatawahi kunisamehe." Kwa hivyo nilipokuwa nimelazwa, mama aliambiwa niko semina ya walimu. Nilikubali, na nimejuta.

Mama mkwe wangu ni mtu mzuri, niwaambie ukweli. Binti yangu wa kwanza amebeba jina lake, kama ilivyo desturi. Yeye anaongea Kimbeere, mimi Kimeru, na tukishindwa kuelewana tunakimbilia Kiswahili. Mwezi wa nane alikuja kukaa na sisi, akabeba kuku, ndengu na asali ya kwao. Aliponiona mlangoni alinishika mikono yote miwili akalia. "Mwanangu, nani amekumaliza hivi? Wacha mimi nikurudishe."

Kesho yake alinipikia uji wa wimbi, akatia asali bila huruma, akaketi mbele yangu anione nikinywa. Ningefanyaje? Daktari alinionya kwamba vitu vitamu vikiingia haraka kwa tumbo hili mwili unavurugika, lakini nilikunywa kwa heshima. Kikombe kilipofika nusu, moyo ulianza kwenda mbio, jasho likanitoka, nikakimbilia mlangoni, nikatapika na kuanguka chini. Jirani alikuja mbio. "Amekula nini?" Binti yangu akajibu, "Ni uji ya cucu," yaani nyanya yake. Jirani akamgeukia mama mkwe. "Kwani wewe mama ni wa wapi?" Mama akasema Ishiara. Jirani akachukua kile kikombe akamwaga uji uliobaki, na huko kumwaga kulikuwa kubaya kuliko matusi.

Mnajua yale watu husema kuhusu Mbeere na uchawi. Ni mzaha wa kijinga, lakini wamama wa huko wameubeba maisha yao yote.

Tangu siku hiyo, kila akinipakulia, alichukua kijiko akaonja chakula changu mbele yangu, akameza, ndipo akanisogezea sahani. Mimi mjinga nilidhani anapima chumvi! Nilikula kidogo nikasukuma sahani. Mukimo, njahi, kuku aliyemchinja kwa mkono wake, vyote nilivisukuma. "Nimeshiba, mama." Siku moja alinikuta nyuma ya nyumba nikimpa mbwa nyama aliyonipikia. Hakugomba. Aliketi kwa mlango wa jikoni akaniuliza polepole, "Mwanangu, hata wewe unaogopa mkono wangu?"

Nilitaka kumwambia yote. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yake akinitikisia kichwa. Nikasema, "Hapana mama, ni ulcers tu." Hakuniamini. Asubuhi alifunga mzigo wake akarudi kwao.

Maneno yalimfuata. Wifi yangu amenipigia kunieleza kwamba wamama wa kanisa la mama hawanywi tena chai akiipika yeye. Wanasema wamefunga, eti wako kwa maombi. Mwanamke aliyepikia harusi na matanga ya kijiji kizima! Nililia siku hiyo mpaka nikashindwa kuingia darasani.

Sasa mama ameita wazee wa ukoo. Jumamosi hii tunatakiwa Ishiara. Atapika mwenyewe, atanipakulia sahani kamili, na mimi niimalize mbele ya watu wote ndipo jina lake lisafike. Hajadai mbuzi wala kuombwa msamaha. Anataka nile tu.

Na siwezi. Nikijilazimisha nitatapika mbele ya ukoo mzima, na hapo mama wa watu atakuwa amehukumiwa. Nikiacha nusu, watasema niliogopa. Nikisema ukweli, mume wangu ameshanijibu: "Ukitaja hiyo operation, mimi nitasema sikujua. Utajitetea peke yako." Sijui kama anatania. Baba ya watoto wangu, na sijui kama anatania.

Jana nilimpigia mama nikiwa nimeamua kusema. Alishika simu kwa furaha. "Nimepata jogoo mkubwa wa kienyeji! Nikupikie na mukimo ama chapati?" Nikasema mukimo. Akacheka, akasema, "Nilijua. Utakula mpaka waaibike."

Ndugu zangu, hasa nyinyi mliopunguzwa tumbo kama mimi na nyinyi mlioolewa mbali na kwenu, nipeni neno kabla ya Jumamosi. Mimi nimefika mwisho wa akili yangu. Mama huyo akiniwekea sahani mbele ya watu wote, nifungue mdomo nile, ama nifungue mdomo niseme?