Mpunga wa Darini

Bwana Shauri, Mzungu msimamizi wa wilaya, aliponiuliza watu wa kwetu wanauweka wapi mpunga uliobaki, ningeweza kusema sijui, na angeniamini. Nilikuwa nimetoka sekondari, nimevaa viatu vipya, na Mzungu yule hakutarajia kijana wa aina yangu ajue mambo ya jikoni. Nikajibu, "Darini, bwana. Juu ya moto."

Ilikuwa wakati wa vita. Askari na makuli wa bandarini walitakiwa kulishwa, mahindi ya bara hayakutosha, na serikali ikaamuru kila nyumba ya mabonde ya Temeke iuze mpunga kwa bei iliyopangwa. Wa ghalani ulishachukuliwa. Uliobaki ulikuwa mbegu, ambayo kina mama huipandisha darini, juu ya mafiga, ili moshi ufukuze fukusi mpaka masika. Nilimwambia Bwana Shauri kwamba ni mbegu. Akasema serikali italeta nyingine, bora zaidi, kabla ya mvua. Nilitaka kumwamini, maana kazi ya ukarani wa chakula ilikuwa yangu iwapo ningeongoza msafara.

Tukaingia nyumba baada ya nyumba. Matarishi wa serikali walipanda, wakashusha vikapu vyeusi kwa masizi. Hakuna aliyetukana. Ni jirani yetu tu, mjane mwenye maneno, aliyesema huku akinitazama, "Huyu Mzungu kaijuaje dari? Au panya wa siku hizi wanasoma?" Wanawake wakacheka kidogo, kisha wakaacha.

Kwa mama nilibaki uani. Nilimsikia akimwambia tarishi, "Baba, niachie japo konzi moja nikapande."

"Amri si yangu, mama. Muombe karani, yuko hapo nje."

Hakuja kuniomba.

Masika yakaja, mvua nzuri kuliko za miaka mingi. Mabonde yakajaa, udongo ukalainika, na hapakuwa na cha kupanda. Watu walisimama kando ya majaruba yao wakitazama maji. Usiku vyura walipiga kelele hadi alfajiri. Mbegu za serikali zilifika mvua zikikatika. Zikaota manjano, zikafa.

Mjini nilikuwa na mgawo wangu wa mchele wa serikali. Siku moja nikafunga mchele kwenye kitambaa, nikampelekea mama. Nilimkuta kizingitini, mashavu yameingia ndani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, bwana karani. Umekuja kuchukua na kitanda?"

"Nimekuletea mchele."

Akafungua kitambaa, akanusa, akakifunga tena taratibu.

"Huu unanuka moshi," alisema. "Mmeitwanga mbegu yetu. Warudishie waliokutuma."

"Sasa utakula nini, mama?"

"Ndiga. Njaa ya vita ile ya kwanza mie nilikula ndiga, nikabaki hai, nikakuzaa wewe."

Ndiga ni kiazi cha porini chenye sumu. Hukatwa vipande na kulowekwa mtoni, kwenye maji yanayopita, kwa siku nyingi kabla ya kupikwa. Mama alilijua hilo tangu utotoni. Nilijiambia kwamba anajua afanyalo, nikarudi mjini na mchele wangu, nikaupika, nikala.

Habari aliniletea yule mjane, safari hii bila mzaha. "Ndiga kaitoa mtoni mapema," alisema. "Tulimwambia ngoja. Akasema tumbo lake halijui tena kungoja."

Nilifika wameshamwosha. Jeneza nililishika, lakini wenzangu walitembea mbele yangu kama sipo, na makaburini hakuna aliyenipa mkono wa pole.

Ukarani niliufanya hadi Waingereza walipoondoka. Jibu lile moja nililompa Bwana Shauri lilimuua mama yangu kwa njaa iliyomlisha sumu, na alikufa bila kunipa radhi zake.