Mifuko Minne ya Mchanga

Gari letu lilisukumwa na magurudumu ya nyuma, jambo ambalo sikuuliza nilipolinunua. Nilihamia ughaibuni kutoka Nakuru nikijua kuendesha kwenye matope, nikadhani theluji ni ndugu yake. Na majira yale ya baridi theluji yenyewe ilikuwa ya kubahatisha: wiki mbili barabara kavu, kisha unaamka kila kitu kimefunikwa.

Mke wangu alikuwa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki, maana figo zake zilikuwa zimekufa. Kliniki ilikuwa mji wa New Hope, sisi tulikaa mji mwingine, Fridley. Jumatatu moja tulitoka asubuhi, theluji haifiki hata kifundo cha mguu. Pale kwenye fleti zetu kuna kimlima kifupi cha kutokea barabarani. Nilipokanyaga mafuta, magurudumu ya nyuma yalizunguka bure na mkia wa gari ukatupwa kando. Nikakanyaga zaidi. Theluji ikasuguliwa ikawa barafu, gari likarudi kinyumenyume hadi ukingoni.

"Mbishie hodi jirani wa chini," mke wangu akasema. Uso wake ulikuwa umevimba kwa maji yaliyomjaa mwilini. "Ana pikapu."

"Nitalitoa mwenyewe."

Nilichimba kwa sepetu karibu saa nzima. Nilipokubali kwenda kubisha, jirani alikuwa ameshaenda kazini. Teksi haikutokea. Kliniki wakatupa nafasi ya kesho yake.

Kesho yake kulipokucha hakuweza kulala chali. Alikaa kitandani akihema kama mtu aliyekimbizwa. Ambulensi ikamchukua, akalazwa siku tisa.

Jirani huyo, Mkongomani aliyekuwa fundi wa magari kule Bukavu, alikuja kunipa pole, kisha akaomba ufunguo wa gari.

"Ndugu, hii gari nguvu yake iko nyuma, na nyuma haina uzito. Itashika chini namna gani?"

Tulipanga mifuko minne ya mchanga kwenye buti, juu ya ekseli ya magurudumu ya nyuma, tukaifunga kwa kamba isije ikarushwa nikifunga breki. Akanisimamia nibadilishe matairi yote manne, si ya nyuma tu, niweke ya baridi yenye mpira laini. Akanifundisha kuondoka kwa gia ya pili, mguu ukigusa tu mafuta. Kazi yote haikuzidi alasiri moja. Hilo ndilo lililoniuma.

Gari halikukwama tena. Lakini daktari aliniambia waziwazi kwamba moyo wa mke wangu ulikuwa umeumia kwa maji ya siku ile. Siku moja, tukiwa njiani, nilimuuliza kama ananilaumu.

"Wewe huwa huombi msaada," akasema. "Uliponioa nilijua."

Alifariki mwezi wa tatu, barabara zikiwa kavu. Nilikuwa jikoni nikimpozea uji. Nilipoingia nao chumbani, alikuwa ameelekea ukutani. Nikamwita mara mbili.