Mmea wa Chumba cha Maiti

Itangazwe kwa wote, walio hai na walio kwenye majokofu, kwamba mfanyakazi bora wa hospitali hii ni mmea.

Ndivyo mganga mkuu alivyoanza hotuba siku ya kumuaga Mzee Barafu, mhudumu wa chumba cha maiti. Wenzake wakacheka. Mzee, aliyekaa mbele na bintiye, hakucheka.

Mmea ulikuwa wa marehemu mkewe: kitu cha msituni, majani yenye michirizi ya kijani na waridi, utadhani yamechorwa na mtu asiye na kazi. Jioni yalijikunja, asubuhi yakafunguka. Mke alipofariki na binti kuolewa mbali, mzee aliubeba hadi kazini, akauweka pale wafiwa wanaposubiri, kwenye kivuli, angalau apate wa kumsalimia. Binadamu walikuwa hawampi mkono. Hata majirani walimkwepa njiani kana kwamba anawapima urefu.

Kilichouponza mmea ni huruma. Kila mfiwa, akishalia vya kutosha, alimiminia chunguni maji yaliyobaki kwenye chupa yake. Utamkatazaje mjane aliyetoka kutambua mwili? Mzee akawaachia wamwagilie, mizizi ikaoza. Michirizi ikageuka kahawia, jani baada ya jani, mpaka akaung'oa mwenyewe na kuutupa kwenye tanuru, pamoja na bandeji.

Na ndipo binti akapiga simu. Ukistaafu, baba, uje ukae kwetu, na uje na mmea wa mama. Nimeshautengea kona sebuleni. Kuhusu kona ya baba hakugusia. Mzee akaelewa nani amealikwa na nani msindikizaji. Akakata simu, akavaa viatu, akaenda dukani.

Sasa mganga mkuu alikuwa ameunyanyua mmea juu kama kombe la mpira. Tazameni, alisema kwa sauti ya kutetemeka, katikati ya mauti yote hayo, hata jani moja halijanyauka. Wauguzi wakatafuta leso. Akamkabidhi binti.

Binti akaupakata, machozi yakimchuruzika. "Kama mama mwenyewe," alisema. Kisha akafungua chupa yake ya maji na kuinamia chungu.

Mzee aliitazama ile chupa.

"Usijisumbue, mwanangu," alisema. "Ni wa plastiki."