Bomba la Mstaarabu

Mama Shuka hakunywa chochote kwa jirani. Ukimkaribisha alikaa, alicheka, alikupa habari zote za mtaa na nyongeza juu yake, lakini kikombe cha chai kilipoa mbele yake mpaka kikaota ngozi. Wengine walisema anaringa. Wengine walisema anaogopa kulogwa. Ukweli ni kwamba alijua mikono ya majirani zake imetoka wapi.

Kazi yake ilikuwa udobi, na si udobi wa mashati ya watu wanaotoka jasho la kawaida. Alifua shuka za zahanati ya wazazi kule juu kilimani, zile wanazolalia wanawake wakijifungua. Zilimfikia zikiwa katika hali ambayo mwanamume mwenye kifua kipana angetazama pembeni na kujifanya anatafuta simu. Yeye alizichambua kwa mkono mtupu, akaziloweka, akazitia dawa, akazichemsha kwenye pipa, akazianika na kuzipiga pasi mpaka zikawa zinalia kama karatasi mpya. Damu haikumtia kinyaa hata siku moja. Damu ya mzazi, alisema, ni kazi iliyofanyika. Kilichomtia kinyaa ni bomba la Mstaarabu.

Mstaarabu alikuwa jirani wa ng'ambo ya kichochoro. Walimpa jina hilo kwa sababu hakuweza kukuomba hata umpishe njiani bila "samahani" mbili na "tafadhali" moja. Alinukia vizuri. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya usafi ya mtaa, na kwenye vikao ndiye aliyesimama kusema kwamba usafi unaanza na mtu mwenyewe. Nyumba yake, kama ya Mama Shuka, ilikuwa ubavuni mwa Mto Mdogo, ule unaokatiza nyuma ya mtaa na kwenda kumwaga maji yake kwenye Mto Mkubwa chini ya daraja. Na kutoka kwenye shimo la choo chake lilitoka bomba nene, likapita chini ya ua, likatokeza ukingoni mwa mto, limezibwa kwa kifuniko cha kukaza.

Mvua kubwa ikianza, Mstaarabu alitoka na mwavuli na koleo la kufungulia, akazunguka nyuma. Kidogo ungesikia kifuniko kikilegea, halafu mlio ambao tusiueleze, kuna watu wanakula. Basi. Choo cha mwaka mzima kilikuwa kimepata usafiri wa bure. Na si yeye tu. Mtaa wote wa ukingoni ulikuwa na mabomba, na mvua ikinyesha walisalimiana kwa furaha, "Umeshasafirisha mizigo?" "Ya kwangu imeondoka mapema." Kuita gari la kunyonya choo waliona ni ushamba. Mto upo, mvua ipo, gari la nini?

Mama Shuka naye alikuwa na bomba, alilikuta wakati anahamia. Akalifungulia msimu mmoja, kama wenzake. Baada ya mvua ile binti yake wa pili alianza kuhara na kutapika, akabebwa kupelekwa zahanati akiwa amelegea kama nguo iliyokamuliwa. Alipona, ila kwa kuponea chupuchupu. Majirani walikuja kumpa pole wakiwa na matunda, na waliyaosha yale matunda kwa maji ya kisima kilichoko hatua chache kutoka mtoni, wakampa mtoto ale. Mama Shuka aliwatazama vidole. Siku iliyofuata alimwita fundi, bomba lake likazibwa kwa zege, shimo likapigwa lipu mpaka juu. Tangu hapo alimwita mwenye gari la kunyonya, na mtaa ukamcheka kwamba anawatajirisha wenye magari ya kinyesi. Binti huyo sasa ameolewa mbali, na akija kumsalimia mama yake anakuja na maji yake ya kunywa.

Mwaka huu mvua zilikuja na kukaa, kama mgeni aliyeleta begi kubwa. Jua lilikataa kabisa kutoka. Shuka za zahanati zilikuwa zimekusanyika zote kwa Mama Shuka, kwa sababu zilizofuliwa hazikauki na zilizochafuka haziishi. Akafunga kamba ndani ya nyumba, kutoka mlango wa mbele mpaka mlango wa choo, akazitundika, akawasha jiko la mkaa chini ya dirisha lililo wazi. Ukitaka kwenda uani ulipita katikati ya shuka nyeupe, umejikunja, umeshika gauni. Matroni wa zahanati alikuwa amempigia simu asubuhi.

"Mama, wazazi wanalala juu ya mpira mtupu."

"Kesho utazipata, Matroni."

"Nazitaka, lakini unajua masharti yangu. Siku shuka moja ikija inanuka mto, usihangaike kuja kuchukua nyingine. Mimi nina vitoto vichanga huku."

Kwa hiyo alikuwa nazo zote pale, nyeupe pe, na mto nje unanguruma.

Mchana mvua ilipopungua, mtaa mzima ulitoka kwenda kuangalia mafuriko. Watu walijipanga ukingoni na miavuli na vikombe vya chai, watoto wamebebwa mabegani, kama kuna mechi. Kinyozi wa pale kona, mtu ambaye hata akikunyoa hawezi kunyamaza, alijipa kazi ya mtangazaji.

"Hilo godoro linakuja, hilo. Godoro la futi sita, la watu waliokuwa wanapendana. Linapita katikati, linapita, limekwama kwenye nguzo. Aa, limeachana na nguzo."

Watu wakacheka. Godoro lilikuwa la mtu wa huko juu ambaye wakati huo huenda alikuwa amekaa juu ya paa. Ukapita mlango na kufuli lake. Likapita banda la kuku, jogoo kasimama juu anatazama mbele kama nahodha. Mwanamke mmoja akainasa sufuria kwa fimbo, akaikagua, akasema ni nzima, akaiweka kapuni.

"Utaipikia hiyo?" Mama Shuka aliuliza.

"Si nitaiosha?"

"Kwa maji gani?"

"Mama Shuka naye. Wewe ungezaliwa kwenye dawa ya madoa."

Mstaarabu alifika akiwa amenawa, mikono inanukia sabuni ya maua. Akasimama karibu na Mama Shuka, maana ustaarabu wake haukumruhusu kusimama na wapiga kelele.

"Samahani jirani. Maji ni mengi mwaka huu."

"Ni mengi. Umeshasafirisha?"

Akakohoa kidogo. "Tunashukuru Mungu, mvua inasaidia."

Mama Shuka akasogea hatua mbili, upande upepo unakotoka.

Walioanza kuona ni watoto. Mto Mdogo ulipunguza mwendo. Ukasimama kabisa, na povu lake la kahawia likaanza kuzunguka polepole mahali pamoja. Chini ya daraja Mto Mkubwa ulikuwa umejaa mpaka mdomoni na haukuwa na nafasi ya kupokea hata kijiko. Kinyozi akakunja uso.

"Lile debe la bluu si lilishapita?"

"Lilishapita."

"Mbona linakuja tena?"

Lilikuwa linarudi, tena kwa haraka, na nyuma yake vilikuwa vinakuja vitu vingine vilivyokuwa vimeondoka asubuhi, vile ambavyo wenyewe walikuwa wameviaga kwa moyo mweupe. Mstaarabu alikuwa wa kwanza kutoa kitambaa na kuziba pua. Hakuna aliyemuuliza anaziba nini kisichokuwa chake.

Maji yakapanda ukingo, yakaingia kichochoroni mpaka vifundoni, yakasimama kwenye vizingiti. Nyumba zote za pale zilijengwa juu ya msingi, na watu wakaanza kupongezana kwamba hayataingia. Walikuwa wamesahau kitu kimoja. Mabomba waliyoyaacha wazi sasa yalikuwa chini ya maji, na bomba halina akili ya kujua upande gani ni wa kutoka. Mvumo ulianzia kwa Mstaarabu, guruguru ya kina kama mzee anayesafisha koo. Ukafuatia kwa Kinyozi, kisha nyumba moja baada ya nyingine. Mke wa Mstaarabu akatokea mlangoni ameshika viatu mkononi.

"Baba, njoo. Choo kinatapika."

Sitaeleza kilichoonekana sebuleni mwa mwenyekiti wa kamati ya usafi. Itoshe kusema kwamba zulia lilielea, na juu ya zulia hapakuwa na jogoo.

Nyumba ya Mama Shuka ilikaa kavu. Zege lilishika. Alifunga mlango, akakunja kitambaa kilicholowa dawa akakisukuma chini ya mlango, akarudi katikati ya shuka zake na kuanza kuzinusa moja moja. Zilikuwa salama. Hakufurahi. Alijua kinachofuata.

Hodi ikapigwa.

"Samahani jirani. Tafadhali," sauti ya Mstaarabu ilisema. "Nina shida ya kibinadamu."

Alifungua mlango upenyo wa pua. Mstaarabu alikuwa amesimama kwenye kizingiti, suruali imekunjwa magotini, karatasi za chooni amezikumbatia kama mtoto mchanga. Nyuma yake kulikuwa na foleni: Kinyozi, yule wa sufuria, na wengine, wote wamesimama kwa ule utulivu wa watu wasiotaka kutikisika. Choo kilichokuwa kinafanya kazi mtaani kilikuwa kimoja.

"Kupita kwenda chooni lazima upite kwenye shuka za wazazi," Mama Shuka alisema. "Angalia miguu yako."

Mstaarabu hakuiangalia. "Tutakuwa waangalifu."

"Hapana."

"Ujirani uko wapi?" yule wa sufuria aliuliza kwa nyuma.

"Ujirani wenu umewajaa sebuleni. Nendeni mkauangalie."

"Roho mbaya," mtu akasema.

"Yeye na shuka zake," mwingine akaongeza.

Mstaarabu akashusha sauti. "Basi hata mama yangu tu. Yuko juu ya meza tangu saa ile."

Mama wa Mstaarabu alikuwa mzee wa miguu iliyovimba, asiyekuwa na bomba wala koleo. Mama Shuka akafunga mlango. Foleni ikadhani ndiyo mwisho. Mlango ukafunguliwa tena, akatoka amevaa mifuko ya plastiki miguuni, amejifunga kitenge mpaka puani, akakanyaga ule uji kuvuka kichochoro. Kila hatua ilitoa sauti yake, na kila sauti ilimpanda mgongoni mpaka kisogoni. Alimkuta bibi juu ya meza ya kulia chakula, miguu ameikunja chini yake.

"Panda mgongoni, mama."

"Nitakuchafua."

"Wewe ndiye msafi pekee humu ndani. Panda."

Njiani bibi alisema karibu na sikio lake, "Mwanangu ananiambia ni mvua."

"Ni mvua, mama."

"Mvua hainuki hivi. Mimi ni mzee, sijafa." Akavuta pumzi, akajuta kuivuta. "Nilimzaa, nikamfuta. Nilidhani ile kazi imeisha."

Kizingitini Mama Shuka alivua ile mifuko, akamwaga dawa miguuni mwake mpaka ngozi ikawasha, akampitisha bibi chini ya shuka huku wawili hao wamejikunja kama wezi. Bibi alikaa kule chooni kwa raha zake, tena aliimba kidogo. Akalala kwa Mama Shuka, kwenye kitanda cha Mama Shuka. Wale wengine walimaliza shida zao kwenye ndoo na mifuko, na walipomaliza walimwaga wapi? Mtoni. Mama Shuka aliwaona dirishani, akafunga pazia.

Asubuhi maji yalikuwa yameshuka, yameacha kila kitu alichoacha kila mtu. Alizikunja shuka, akazifunga kwenye plastiki, akapanda nazo kilimani kichwani, akiwapita majirani waliokuwa wanaosha makochi yao kwa maji ya mto uleule. Matroni alichomoa moja katikati ya bunda, akaifunua, akaipeleka puani, akakaa nayo hapo. Matroni akaikunja tena.

"Tandikeni vitanda," aliwaambia wauguzi.

Aliporudi mawingu yalikuwa yanakusanyika upya. Kichochoroni alikutana na Mstaarabu, ameoga, ananukia, mwavuli kwapani na koleo mkononi.

"Samahani jirani, asante kwa mama. Leo bomba nitalifunga mapema kabla mto haujarudi. Acha nilifungue kidogo tu, huu uchafu ulioingia utoke."

Mama Shuka alilitazama lile koleo, kisha uso wake, kisha koleo. Aliingia ndani. Alipotoka alikuwa na nusu mfuko wa saruji iliyobaki kwa fundi aliyemrekebishia kizingiti kabla ya mvua, beseni, kipande cha bati, na shuka kuukuu ambayo zahanati ilikwisha kuikataa. Akateremka ukingoni, akapiga magoti kwenye tope, akaichana shuka vipande, akavisokomeza ndani ya bomba la Mstaarabu mpaka mkono ukazama kiwikoni. Juu ya vitambaa akapanga mawe, juu ya mawe saruji, juu ya saruji bati.

Majirani walitoka, wakajipanga pale pale walipokuwa jana. Hakuna aliyemzuia. Kutazama walikuwa wanakuweza sana.

"Anachomekea," Kinyozi alitangaza, kwa sauti ndogo. "Anapiga lipu."

"Jirani, tafadhali," Mstaarabu alisema. "Hiyo ni mali ya mtu."

"Na kilichomo ndani ni mali yako. Kaa nacho."

Kutoka dirisha la Mama Shuka bibi alikuwa anatazama, kidevu kwenye kiganja. "Ongeza saruji upande ule," aliita. "Huo una ufa."

Akaongeza. Kinyozi aliondoka haraka kuelekea nyuma ya nyumba yake, na hakuna aliyejua kama anakwenda kuziba la kwake au kulifungua kabla hajafikiwa. Matone yakaanza.

Mama Shuka alinawa mkono ule kwa sabuni ya unga, kwa dawa ya madoa, kwa maji yaliyochemka, akaunusa, akarudia. Chakula kilipokuwa tayari akampakulia bibi, akajipakulia, akakaa. Akautazama ule mkono. Kisha akanyanyuka akaenda kutafuta kijiko.