Pua ya Mwenye Chambo

Siku ya kwanza kazini nilitapika. Bwana Samaki, ofisa aliyesimamia mabwawa ya kufugia samaki kule Mpapura, alinifunulia chungu cha machicha ya nazi yaliyolala siku kadhaa, akaniambia niiname nivute pumzi. Nikavuta, nikakimbilia migombani. Niliporudi nikijifuta mdomo kwa upindo wa kanga, alikuwa bado amesimama palepale, mfuniko mkononi.

"Umesikia nini?"

"Uvundo, Bwana Samaki."

"Rudi tena. Humo mna harufu tatu."

Alikuwa mtu wa Ukerewe, Mkristo mpole, msemaji mdogo, na kila Ijumaa aliniruhusu mapema bila kuombwa. Aliniajiri nitengeneze chambo cha donge, cha kunasia perege wakubwa kwa ndoana, mmoja mmoja, maana wavu uliwachubua na yeye aliwataka wazima wa kuzalishia. Siku ile nilizipata harufu mbili: uchachu, na mafuta ya nazi. Ya tatu, ile inayotangulia kuoza, ilinichukua msimu mzima.

Ninyi vijana mnaokanda mkate kwa maji mkasema chambo tayari, nisikilizeni. Unga wa muhogo ndio mwili wa donge. Machicha hutoa mafuta, nayo hutembea na maji yakimwita samaki. Dagaa wakavu hutwangwa mpaka wawe vumbi. Wakati wa korosho tulitia makapi ya mabibo, yale yanayobaki baada ya kukamuliwa, ili kupata utamu. Kisha unavundika, yaani unafunika chungu kwa majani ya mgomba na kukiacha kivulini hadi kianze kuchacha. Hapo ndipo pua inapoanza kazi. Perege anataka kilichochacha, kambale anataka kilichooza, na kati ya hivyo viwili pana muda mfupi usiopimwa kwa saa. Ukifunua mapema, donge halina wito. Ukichelewa, umempikia kambale.

Bwana Samaki alipohamishwa, nilikwenda Mikindani kwa Tajiri. Ndivyo sote tulivyomwita Mhindi mwenye duka la mishipi na ndoana, duka alilolirithi kwa babu yake. Upande mmoja aliuza zana za uvuvi, upande wa pili kanga. Chambo changu kilitoka vizuri mpaka bibi harusi mmoja aliporudisha doti nzima. Tajiri aliinusa ile doti, akacheka hadi akavua miwani.

"Bi Somoe, samaki wanakupenda, lakini maharusi hawakutaki. Nikufanyeje mama?"

Akanipeleka kwa mteja wake, nahodha wa wavuvi wa mshipi huku kwetu, mlangoni mwa Ruvuma. Nimezeekea hapa. Nahodha alikuwa mtu wa kufokea hata mawimbi, na nikimjibu kwa ukali hunitania, "Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi!" Ndiye aliyenifundisha kwamba maji yakipwa mkondo huwa mkali, kwa hiyo donge la wakati huo likandwe gumu. Nilitwanga na mwenzangu Zuhura, yeye kinu, mimi chungu. Malipo yetu yalikuwa kitoweo: mvuvi akichukua donge asubuhi, jioni huleta samaki.

Halafu mafua makali yakanilaza. Niliponyanyuka, pua ilikuwa imekufa. Kitunguu kiliungua jikoni kwangu nisijue. Sikumficha mtu; niliwaambia wavuvi wote, jamani, chambo kikiharibika niambieni. Wakaapa kwamba hakijabadilika hata chembe. Samaki wakaendelea kuletwa kila jioni, nami nikajipa moyo kwamba mikono imekwisha kujua yenyewe. Nilitaka sana iwe hivyo. Niliogopa kuamka asubuhi nisihitajiwe na mtu.

Walionifumbua macho ni bata. Nahodha aliwafuga wengi, na miaka yote hawakuwa na habari nami. Ghafla wakaanza kunifuata. Nikipita na kapu langu, wanakuja mbio wakipiga kelele, na wamenona hata kutembea ni shida. Siku moja nikawafuata mimi. Nyuma ya jiko la Nahodha nikakuta rundo la majani ya mgomba niliyofungia madonge yangu, yamedonolewa hadi yakawa safi. Pembeni pana kopo la nyungunyungu, tayari kwa ndoana.

Nililia palepale, mtu mzima mimi. Nahodha akatoka jikoni.

"Kwa nini hamkuniambia?" nikamfokea.

Akaangalia chini. "Bi Somoe, ntu amekulisha tangu ujana wako. Utamwambia kwa mdomo upi kwamba mkono wake umechoka?"

"Na samaki mlioniletea?"

"Wa nyungunyungu hao. Kwani hawakuwa watamu?"

Nikacheka na machozi yangu. Safari ile hakunitania habari za mkizi.

Nikastaafu. Watu huniuliza kazi ya uvundo ilinipa nini, nami huwajibu kwamba ilinipa watu walioona vigumu kuniumiza. Ningependa wangeniambia mapema. Hata hivyo nimewasamehe, na samaki wao niliwala kwa raha.

Sasa chungu ni cha Zuhura. Kila asubuhi hukileta barazani kwangu, hukifunua na kuniinamishia. "Nusa, Bi Somoe." Mwanzoni niliudhika, nikidhani ni huruma ileile. Siku hizi nainama, navuta hewa tupu, kisha namsukumia yeye.

"Umesikia nini?"

"Harufu mbili."

"Rudi tena."

Hukunja uso, huinama upya, hukaa humo muda mrefu. Wavuvi wakija kuchukua madonge hawanisifu tena, na wala siwaulizi. Nawatazama tu bata wa Nahodha wakipita mbele ya baraza. Alhamdulillahi, wamekonda.