Mtunza Njia wa Cawdle Green Anayetembea Kinyume na Wenzake

Saa moja na nusu asubuhi, ukungu bado umelalia majani, Bi Gwenda Sallis amepiga goti kwenye tope chini ya mwaloni. Mkono wake wa kulia umezama hadi kiwiko katika mfereji ulioziba. Anachota majani yaliyooza, anayatupa nyuma bila kuangalia, anachota tena. Mara maji yanaguna, yanatikisika, kisha yanashika njia yao kuteremka.

"Maji ni kama Len wangu," anasema, akimtaja mumewe. "Ukiyafungulia mlango yanatoka. Usipoyafungulia, yanakaa palepale mpaka yanuke."

Anajifuta mkono kwenye koti lililowahi kuwa la kijani, anaokota reki na mundu wake, na safari inaendelea.

Bi Gwenda, mwenye miaka sitini na mmoja, ndiye mtunza njia wa Msitu wa Hollin, katika vilima vya Chiltern. Njia yenyewe ni ya mduara. Inaanzia kanisani Cawdle Green, inaingia msituni, inakatiza malisho ya kondoo ya akina Dunmore, inarudi tena chini ya miti, na kukutoa upande wa pili wa kanisa ukiwa na matope mpaka magotini na njaa ya kula kiti.

Kazi ni ya siku mbili kwa wiki na malipo hayafiki pauni mia mbili. Siku nyingine huwaosha nywele vikongwe wa kijiji majumbani mwao. Anasema kazi hizo mbili ni moja: kufyeka, kuchana, na kusikiliza malalamiko.

Watu wote huizunguka njia hiyo kwa kufuata jua. Bi Gwenda huenda kinyume, peke yake.

"Nikiwafuata nitaona migongo tu," anaeleza. "Mgongo hausemi kitu. Nikikutana nao naona nyuso. Uso ndio unaoniambia kwamba kiatu kinabana, mbwa amepotea, au lango limeachwa wazi."

Ni lango lililoachwa wazi ndilo nusura liimalize njia hiyo.

Mzee Clement Dunmore, Mungu amrehemu, aliwaruhusu watu kupita malishoni mwake kwa hisani tu, sheria haikumlazimisha. Alipofariki, shamba likashikwa na binti yake, Philippa. Majira ya kuchipua yaliyopita, wapita njia wasiojulikana waliacha lango wazi. Kondoo wakatoka hadi barabarani, na wawili wakagongwa na gari.

Philippa hakupiga kelele. Alinunua kufuli.

"Alinijia jikoni, akakataa chai," Bi Gwenda anakumbuka. "Mtu wa huku akikataa chai, ujue ameshaamua. Nilimbembeleza kama mtoto. Akaniambia, 'Gwenda, nawapa Jumapili moja, ile ya matembezi ya kijiji. Saa tano kamili nitakuwa nimehamisha kondoo, nitafungua mwenyewe. Nikikuta mtu mmoja tu ameruka ua kabla ya hapo, sitaki kuisikia tena njia hii.'"

Bila malisho hayo hakuna mduara. Ingebaki njia ya kwenda na kugonga ukuta, au kurudi kwa barabara ya lami isiyo na pa kukanyaga, magari yakikuparaza kiwiko.

Mipango ikapangwa. Watu waondoke kanisani saa nne, watembee polepole, wafike langoni saa tano. Kilichosahaulika ni kwamba Jumapili hiyo ndiyo ile ambayo, kila mwaka majani yanapopukutika, saa zote za nchi hurudishwa nyuma kwa saa moja.

Asubuhi hiyo Bi Gwenda alikuwa upande wa pili wa msitu, akifagia majani kwenye ngazi za mteremko, aliposikia kengele ya kanisa ikigonga mara kumi: saa nne. Akatazama saa ya mkononi, aliyokuwa ameirudisha nyuma kabla ya kulala. Saa tatu.

"Nilicheka kwanza," anasema. "Nikasema, Horace, mtunza saa ya kanisa, kasahau kupanda mnarani kuirudisha. Kisha nikakumbuka lango. Sisi hapa tunafuata kengele. Nilijua wanaondoka sasa hivi, na mbwa wao, na watafika langoni kondoo wakiwa bado ndani."

Bondeni simu haishiki. Akatupa reki akakimbia, ingawa kutoka pale hadi malishoni, kwa tope lile, ni zaidi ya saa moja. Mara mbili alianguka, na mara ya pili akaacha buti moja la mpira kwenye tope, akarudi kulichomoa huku akilitukana.

Alitokeza ukingoni mwa malisho akihema. Philippa naye alikuwa anaingia kwa lango la shambani na mbwa wake wa kuchungia, uso umekunjamana, kwani alikuwa ameshaona kofia za watu upande wa pili wa ua.

"Nilijiambia, kwisha habari yetu," anasema Bi Gwenda.

Lakini ua ulikuwa mzima. Kufuli lilikuwa pale pale. Nyuma ya lango, kwenye manyunyu, watu wa Cawdle Green walikuwa wamepanga foleni.

Ilikuwa foleni ndefu, mmoja nyuma ya mwenzake, ikipinda na njia hadi kupotelea msituni. Wa mbele alikuwa Cuthbert Lovell, fundi bomba mstaafu, na chupa yake ya chai. Upande wa pili wa lango kondoo nao walikuwa wamejipanga wakimtazama.

"Mmekaa hapa muda gani?" Philippa aliuliza.

"Kama nusu saa hivi, mama," Cuthbert alijibu. "Lango limefungwa. Tukaona tusubiri."

"Hamkufikiria kuruka?"

"Kuruka?" Cuthbert aligeuka akawaonyesha wenzake. "Na hawa wote wako kwenye foleni?"

Bi Edith Marl, aliyekuwa nyuma kabisa, akapaza sauti: "Jamani, tunasubiri nini huko mbele?"

"Hujui, na umesimama nusu saa?" aliyekuwa mbele yake alishangaa.

"Niliona watu wamesimama. Ningeuliza ningeonekana mbea!"

"Simu yangu ilisema saa tatu tulipoondoka," mtu mwingine alikiri. "Nikadhani imeharibika. Nani angemwambia Horace kwamba kengele yake inasema uongo?"

"Ungeniambia!" Horace aling'aka kutoka katikati. "Ningekataa, lakini ungeniambia!"

Philippa aliinama juu ya kufuli kwa muda mrefu, mabega yakimtikisika. Bi Gwenda alidhani analia. Alipoinua uso, alikuwa amecheka hadi machozi. Akahamisha kondoo, akafungua. Watu wakapita mmoja mmoja, kila mmoja akimwomba radhi, na wa mwisho akalifunga lango, akalitikisa, akarudi kulitikisa tena.

Kufuli hilo sasa limetundikwa kwenye msumari jikoni kwa Bi Gwenda. Philippa alilileta mwenyewe, na safari hii chai alikunywa, vikombe viwili, na keki ya tangawizi.

Mpango wa Bi Gwenda ni kuweka, kabla ya kondoo kuzaa, lango la bawaba nzito linalojifunga lenyewe nyuma ya mpita njia. Len ameshapata mbao za mwaloni. "Binadamu husahau," anasema. "Bawaba haisahau."

Anafika malishoni. Philippa anamsubiri langoni, mabuti mapya miguuni, mikono mifukoni.

"Nimezaliwa hapa," anasema, "na sijawahi kuizunguka yote. Baba alikuwa akiniambia kesho, kesho. Tunaanzia wapi?"

"Popote. Ni mduara."

"Kufuata jua, kama watu wote?"

"Ukitaka kuona migongo," anasema Bi Gwenda, na kumpa reki.